Kifusi cha Kona ya Nne

Jumapili, saa nne asubuhi, mpima alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akikwangua tope kwenye buti zake kwa kisu kibutu, na alikuwa na furaha. Tuliseme hili mapema kwa sababu furaha yenyewe haikudumu. Mkewe alikuwa jikoni akimenya viazi, mlango ukiwa wazi ili wasikilizane. Mama yake mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na binti yao wa miaka minane alilala kifudifudi sakafuni akichora paka mwenye miguu sita.

"Wiki hii tumemwaga kifusi mpaka madereva wa malori wametuomba msamaha," alisema mpima. "Pale kona ya nne. Malori mia na arobaini, na korongo bado halijashiba."

Kisu cha viazi kikasimama.

"Korongo lipi?"

"Lile ambalo barabara inalizunguka. Kuna lingine?"

"Mnamwaga kifusi korongoni?"

Mpima akacheka. "Si ndivyo ulivyochora? Au umesahau kazi yako mwenyewe? Mimi nilishangaa kidogo, nikasema labda wanataka mahali pa kuegesha magari. Wenye barabara zao hawaishiwi mipango."

Mkewe hakucheka. Aliweka kiazi mezani, akafuta mikono kwenye gauni badala ya kitambaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja, na mama mkwe akaliona.

Mwanamke huyu alikuwa mchoraji wa barabara katika ofisi ya wahandisi washauri, na mumewe alikuwa mpima wa mkandarasi aliyekuwa anaijenga barabara hiyohiyo. Mafundi waliwatania kwamba barabara ile mimba yake ilitungwa chumbani kwao. Utani huo waliupenda. Kila mmoja alijivunia kazi ya mwenzake, na kwa bahati mbaya fahari hiyo ndiyo iliyowaponza.

Kazi ya mchoraji si ngumu kuieleza. Unachora mstari wa katikati ya barabara jinsi ndege angeuona akipita juu. Kisha unachora unavyopanda na kushuka. Kisha unachora umbo la barabara kama ingekatwa kwa kisu cha mkate: lami, mabega, mtaro, mteremko wa kando. Kompyuta inalichukua umbo hilo na kulikokota juu ya mstari toka mwanzo hadi mwisho, na barabara nzima inasimama kwenye skrini. Mwisho unaiamuru itandike uso juu yake, uso wa maelfu ya pembetatu ndogondogo, na huo uso ndio mpima anaokwenda nao kazini kujua wapi pachimbwe na wapi pajazwe. Ila kompyuta haina akili ya kujua barabara inaishia wapi. Lazima uiwekee mpaka. Usipoweka, kwenye kona kali inaunganisha ukingo wa huku na ukingo wa kule, juu kwa juu, kama kitambaa kilichotandikwa juu ya bakuli. Anayekiona kitambaa hajui kwamba chini yake ni patupu.

Ofisi ilikuwa na leseni moja tu ya programu ile, ndani ya kompyuta moja, na wachoraji watatu waliipokezana. Siku kumi na mbili zilizopita zamu ya mchoraji ilikuwa inakwisha saa nane mchana. Saa nane kasoro dakika saba mumewe alipiga simu. Katapila limesimama, limekodiwa kwa saa, msimamizi anatukana. "Nitumie tu, mke wangu, hata kama haijanyooka." Nyuma yake mchoraji wa madaraja alikwisha kushika mgongo wa kiti na kukohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Mkewe alitandika uso, hakuweka mpaka, akautuma kwa simu yake ya mkononi, mke kwa mume, bila kupitia ofisini. Kesho yake akaweka mpaka, kitambaa kikatoka juu ya bakuli, akatuma upya. Lakini aliutuma kwa jina lilelile. Mpima aliliona jina, akadhani simu ya mkewe imerudia, akaendelea na kazi. Mchoro wa mtu mwingine yeyote angeuchunguza mpaka chini ya kucha, angesimamisha mashine yake na kuulinganisha na ardhi hatua kwa hatua. Huu ulikuwa wa mkewe.

Sasa mkewe alisimama mbele yake na simu mkononi.

"Ile ya pili uliifungua?"

"Ya pili ipi?"

Akamwonyesha. Mpima alitazama skrini, akatazama tena, akaivuta picha kwa vidole viwili ili ikue. Kona ya nne ilikuwa tupu. Hapakuwa na kifusi, hapakuwa na mahali pa kuegesha magari. Palikuwa na korongo lililo wazi, na kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, likitema maji ndani yake kama ilivyopangwa.

"Usinitanie," alisema taratibu.

"Nikutanie kwa jambo hili?"

Buti moja ilimponyoka ikaanguka chini ya ngazi, na hakuinama kuiokota. Wote wawili waliwaza kitu kimoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukisema. Korongo lile lilishuka moja kwa moja mpaka kwenye nyumba saba. Kifusi walikuwa wameanza kukimwaga kutokea upande wa chini, kama kazi inavyotaka, na sasa kilikuwa kimesimama katikati ya korongo, ukuta wa udongo wenye urefu wa watu wawili. Rola la kushindilia udongo lilikuwa limeharibika tangu Jumatano. Ulikuwa udongo mtupu, umelundikwa tu. Nyuma yake kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo hilo kalavati lilikuwa linaleta maji ya mlima mzima.

"Mvua inakuja," alisema bibi kutoka dirishani. "Goti langu limeanza kunisema tangu alfajiri."

*

Waliingia chumbani wakafunga mlango, jambo ambalo katika nyumba yenye vyumba viwili ni sawa na kupiga tarumbeta.

"Sikiliza," alisema mpima. "Kesho nafika kazini wa kwanza. Naking'oa kigingi kimoja kimoja, namwambia msimamizi mpango umebadilika. Wanakiondoa kifusi, wanalalamika, yanaisha."

"Kesho?"

"Leo ni Jumapili. Hakuna mtu."

"Maji yanajua kwamba leo ni Jumapili?"

Mpima alikaa kitandani. Alikuwa mtu mrefu, na alipoogopa alijikunja kama anayetafuta kuingia kwenye sanduku. "Mimi nalipwa kwa siku," alisema. "Wewe mkataba wako wa miezi sita unakwisha mwezi ujao, na hata kuuomba upya unaomba kama unaomba chumvi. Malori mia na arobaini, mama. Unajua kila lori ni kiasi gani? Kukileta, na sasa kukiondoa. Tukifungua mdomo, watatuuliza sisi. Hawatatuuliza kwa upole."

"Naogopa hiyo pia."

"Basi tungoje kesho."

"Mume wangu, pale chini kuna watu wamelala usingizi wa Jumapili."

Mpima aligeuza uso ukutani. Mchoraji naye alishikwa na hofu. Aliogopa jela. Aliogopa kumwona binti yake akirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Lakini aliogopa zaidi kusikia habari za nyumba saba redioni huku akimenya viazi.

Mlango uligongwa, kisha ukafunguliwa bila kungojwa jibu. Bibi alisimama na fimbo yake.

"Sijasikia kitu," alisema, "ila nimesikia kila kitu. Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Nendeni. Viazi nitavimalizia mimi, na mtoto yuko hapa na paka wake."

Matone ya kwanza yalikuwa tayari yanalipiga bati.

*

Katapila halikuweza kuchimba Jumapili bila karatasi yenye muhuri, kwa hiyo kwanza walikwenda kwa mwenye muhuri. Mhandisi mkuu wa ofisi ya mchoraji aliitwa Mzee Muhuri na kila aliyewahi kumpelekea mchoro. Alikuwa haufungui. Aliuliza tu "Ni sawa?" ukajibu "Ni sawa, mzee," na muhuri ukashuka pwa. Miaka saba mchoraji alikuwa amemwona akigonga muhuri huku anaongea na simu, huku anakula, mara moja hata huku anapiga chafya.

Walimkuta barazani na wageni wanne, meza imejaa soda. Pikipiki ya mpima iliacha mstari wa maji ya tope mpaka kwenye ngazi. Mzee Muhuri hakuwakaribisha. Aliinuka akawafuata pale pale mvuani, akasimama chini ya ukingo wa paa, wao wakabaki nje ya ukingo.

"Leo ni siku ya familia," alisema.

Mchoraji alimweleza. Alieleza haraka, maneno yakigongana, kona, mpaka, kifusi, nyumba saba. Wageni waliacha kuongea wakasikiliza. Alipomaliza, Mzee Muhuri alimtazama mpima, kisha akamtazama yeye.

"Uliutuma kwa barua pepe ya ofisi?"

"Hapana, mzee. Kwa simu yangu."

"Kuna karatasi yoyote yenye muhuri wangu inayosema mmwage kifusi pale?"

"Hakuna."

"Basi." Akashusha pumzi kama mtu aliyeweka mzigo chini. "Ofisi haijui chochote kuhusu kifusi hicho."

"Mzee, hatukuja kumtafuta mwenye kosa. Kosa ni langu. Tunaomba karatasi tu, mistari miwili, dereva akate njia ya maji."

"Niandike kwamba kikatwe kifusi ambacho ofisi haikijui? Wewe binti, kwenye kompyuta ni hodari, ila mambo ya maofisini bado. Nikiandika nimekijua." Aligeuka kuwaangalia wageni wake, akatabasamu nusu, akarudi. "Nendeni nyumbani mkabadilishe nguo, mtaumwa. Na mimi leo sijawaona."

Aliyegonga muhuri kwenye kila kitu bila kukifungua, leo ameletewa kitu kikiwa wazi, akakataa kukigonga. Mchoraji alitaka kumwambia maneno hayo. Badala yake alisema, "Asante, mzee," na aibu ya ile asante ilimuuma njia nzima mpaka kona ya nne.

*

Walipofika, mvua ilikuwa haina mzaha tena. Mpima aliegesha pikipiki kwenye bega la barabara mpya, wakatembea mpaka ukingoni, wakatazama chini.

Shimo kati ya barabara na ukuta wa kifusi lilikuwa limegeuka ziwa. Maji ya kahawia yalizunguka humo polepole yakibeba vijiti na chupa. Kalavati lilikuwa bado linatema. Kati ya maji na kilele cha ukuta ule palibaki kimo cha mtoto, na upande wa nje wa ukuta, upande wa nyumba, mchoraji aliona kitu kilichomkata maini: doa jeusi la unyevu, kubwa kama mlango, na katikati yake uzi mwembamba wa maji ukitoka udongoni.

"Unavuja," alisema.

"Naona."

"Unavuja, baba!"

"Naona, mama, naona!"

Dereva wa katapila alikuwa analala kwenye kontena kando ya mashine yake ili kuilinda. Jina lake la kazini lilikuwa Taratibu, na aliishi kulingana nalo. Alitoka na mwavuli, akasikiliza, akachungulia ziwa, akapiga mluzi.

"Jumamosi nilimwambia msimamizi, maji haya yatapita wapi? Akaniambia, wewe umeajiriwa kuuliza au kuchimba?" Akatikisa kichwa. "Haya. Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi," alisema mpima.

"Bosi, mimi bila karatasi nikigusa udongo huu, kesho wataniambia nimeubomoa kwa kulewa. Na mimi hata pombe sinywi. Nina watoto watano."

"Na pale chini wako wangapi?"

Taratibu alitazama chini zilipokuwa nyumba, mabati yakimeremeta mvuani. Kisha akasema kitu ambacho mpima alikikumbuka miaka yote iliyofuata.

"Mimi sijui kusoma michoro. Mimi nafuata vigingi. Vigingi vilisema jaza, nikajaza. Vikisema chimba, nitachimba. Ila vigingi ni vyako, bosi. Mtu akiuliza, nitasema ni vyako."

Mpima alisimama na maji yakimtiririka usoni. Mkewe alimwona akigeuza shingo kuangalia pikipiki, mara moja tu, haraka. Hakumlaumu. Hata yeye alikuwa ameiangalia.

"Lete nyundo," alisema mpima.

Alitoa kwenye kontena mashine yake ya kupimia, akaisimamisha juu ya mwamba, akaifunika kwa mfuko wa nailoni, na mkewe akamsomea vimo kutoka kwenye uso wa pili, ule wenye mpaka. Safari hii mpima hakuamini hata kimoja. Kila mkewe alipomtajia kimo alimwambia arudie, akakipima kwenye ardhi, akamwambia arudie tena. Walikata shauri kuanza pembeni, penye mwamba, kwa mfereji mwembamba, kidogo kidogo, ili maji yatoke kwa kipimo na yasiruke yote kwa pamoja.

"Na yakiruka?" aliuliza Taratibu kutoka juu ya kiti chake.

Mpima aligonga kigingi cha mwisho. Alivua koti lake la njano la kazini, lile lenye mistari inayong'aa, akamvika mkewe. "Shuka ukawatoe. Wote, na wapande ule upande wa mawe. Nakupa robo saa, zaidi ya hapo ukuta wenyewe hautatungoja." Alimfunga zipu kama anayemvalisha mtoto. Halafu akainamisha kichwa karibu na sikio lake. "Wakiuliza imetokea vipi, sema hujui. Ukishindwa kabisa, jitaje wewe. Mimi usinitaje. Tafadhali. Mmoja wetu abaki na kazi."

Akaitikia kwa kichwa, akashuka.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa ameketi mlangoni akishona pindo la sare ya shule huku mvua ikinyesha mbele ya miguu yake.

"Mama, inabidi mtoke. Sasa hivi. Maji yamejaa juu."

"Shikamoo kwanza inauzwa?"

"Shikamoo, mama. Tokeni, nawaomba."

"Marahaba. Mwanangu, hii ni mvua tu. Kila mwaka inakuja, inapita hapo korongoni, inakwenda zake."

"Mwaka huu haiwezi kupita."

"Kwa nini?"

Mchoraji aligeuza macho kuangalia juu. "Wewe ni nani?" aliuliza fundi cherehani, macho yakishuka kwenye koti la njano, na kabla mchoraji hajajibu, koti lilimjibia. "Aa. Umetoka kwenye barabara." Mwanamke akaweka sare chini, akanyanyuka, akapiga kelele ambayo ilitoka kwenye kifua kilichozoea kuita watoto kutoka mbali. "Jamani! Watu wa barabara wanasema tutoke! Mbebe watoto, acheni vyombo!"

Walitoka. Hawakutoka wote kwa mara moja. Mmoja alirudi kuchukua redio, mwingine godoro. Mzee mmoja alikataa kuacha mbuzi wake, na mchoraji alimsukuma mbuzi yule kwa mikono yake mwenyewe, akilia bila kujua kwamba analia. Juu, injini ya katapila iliunguruma. Alihesabu watu wakipanda upande wa mawe, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kila mlango alioupita aliuchungulia ndani, vitanda, sufuria, kalenda ukutani, na kila alipochungulia aliomba asikute mtu.

Kisha ukaja mlio kama wa gunia linalochanwa.

Maji hayakutoka kwa kipimo. Nusu ya mfereji ililiwa kwa mkupuo mmoja, na ulimi mwekundu wa tope ukashuka korongoni ukibiringisha mawe. Ulichukua banda la kuku. Ulichukua choo cha nyumba ya tatu, ukuta kwa paa. Ulifika kwenye ngazi ya fundi cherehani, ukapanda ngazi moja, ukapanda ya pili, ukaingia ndani ukatoka na kiti. Watu waliokuwa kwenye mawe waliacha hata kupiga kelele. Mchoraji alisimama akiwa ameng'ata mkono wa koti, akitazama ngazi ya tatu.

Tope halikufika ya tatu. Lilisita, likatetemeka pale kwa muda ambao yeye aliuona mrefu kama ujauzito, kisha likaanza kushuka. Juu, katapila lilikuwa bado linachota, sasa taratibu kweli, na ziwa lilikuwa linapungua.

*

Mvua ilipogeuka manyunyu, fundi cherehani alimfuata na taulo. Lilikuwa taulo safi, limekunjwa, pengine kitu pekee kikavu alichokiokoa.

"Jifute, mwanangu, utashikwa na kichomi." Alimwekea mikononi. "Mungu awazidishie. Jumapili hii wenzenu wako makwao, ninyi mmekuja kutuokoa. Choo ni nini? Choo kinajengwa." Akawageukia wenzake. "Si tungekuwa humo sasa hivi?"

Wengine waliitikia. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimgusa bega. Yule mzee wa mbuzi alivua kofia.

Mchoraji angependelea kupigwa kofi. Taulo lilikuwa laini na lilinuka sabuni, na hakuweza kulipeleka usoni. Alitazama juu. Mumewe alikuwa kwenye ukingo anakunja miguu ya mashine yake. Pikipiki ilikuwa hatua ishirini tu nyuma yake. Ilitosha akubali shukrani, apande, waende nyumbani, wale viazi. Kesho msimamizi angeuliza nani kakata kifusi, nao wangejibu mvua. Mzee Muhuri hakuwaona. Taratibu asingesema asipoulizwa. Hofu ilimshika tena, safari hii si ya maji, na ilikuwa kubwa kuliko ya maji, kwa sababu maji yangekuja atake asitake, lakini hili alipaswa kulianzisha yeye kwa mdomo wake.

"Mama," alisema. "Ule ukuta wa udongo haukutakiwa kuwepo."

"Naam?"

"Uliozuia maji. Nilichora mimi vibaya. Mimi ndiye mchoraji. Mvua ya leo isingewafanya lolote, ingepita kama miaka yote. Mimi ndiye niliyewawekea udongo ule juu ya vichwa."

Fundi cherehani alimtazama. Alimtazama uso, kisha koti, kisha uso. Polepole, bila kupora, alinyoosha mkono akalichukua taulo lake.

"Njooni," aliita, macho hayajamtoka. "Njooni wote mmsikie huyu."

Walikuja wakitelezateleza kwenye mawe, na watoto wao, na redio yao, na mbuzi. Walimzunguka. Sasa aliweza kuwahesabu vizuri, na akawahesabu: thelathini na mmoja. Alifungua mdomo aanze upya, na hapo akasikia nyuma yake buti zikikanyaga tope, zikiteremka kwa uzito. Hakugeuka. Buti hizo alizijua, zilikuwa zimekwanguliwa asubuhi ile ile mlangoni kwake.

Mumewe alisimama ubavuni mwake, anahema, shati limegandana na mwili, fimbo ya kupimia bado iko mkononi.

"Huyu dada amekosea kuchora, tumesikia," alisema mwanamume mmoja kutoka nyuma, sauti yake ikipanda. "Lakini jambo kubwa hivi! Hakukuwa na mtu wa kukagua?"

"Alikuwepo," alisema mpima. "Ni mimi. Alinitumia mchoro uliosahihishwa, na sikuufungua."